Kabla hujalipia reli ya kioo, uliza itavunjikaje

Wateja wananitumia picha kwa WhatsApp: ghorofa jeupe, balkoni ina kioo kitupu, bahari kwa nyuma, na chini yake swali moja tu, "Fundi, hii mita bei gani?" Bei siitaji kwanza. Nauliza inakaa wapi, chini yake kuna nini, na kama nyumba ina watoto wadogo. Wengine huona namzungusha mtu. Lakini reli zote za kioo zikiwa nzima zinapendeza, ya bei ya chini na ya bei ya juu, na kwa macho hutazitofautisha. Tofauti yake inaonekana siku kioo kimoja kinapopasuka: pale ukingoni kinabaki nini? Hapo ndipo ninapoanzia kuchagua, na ndipo nakushauri uanzie na wewe.

Karakana yangu ya alminiamu na vioo iko Tegeta, na kazi nyingi napata Kunduchi, Mbezi Beach na ng'ambo Kigamboni, kwa hiyo haya ninayoandika yananuka chumvi kidogo. Aliye Dodoma au Arusha aipite sehemu ya kutu, hayo mengine yanamhusu vilevile.

Kioo chenyewe

Ukitaka kuelewa aina za kioo, angalia magari. Kioo cha mbele cha daladala kikipigwa jiwe kinachora utando wa buibui, dereva anabandika selotepu, na gari linaendelea kupakia. Kioo cha mlangoni kikivunjwa na vibaka kinamwagika chote kwenye kiti, punje punje. Cha mbele ni lamineti, yaani vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Cha mlangoni ni tempa, kioo kimoja kilichopashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi kisha kikapozwa ghafla kwa upepo mkali. Tempa ina nguvu kama mara nne ya kioo cha kawaida cha unene uleule, na punje zake hazichani mtu kama vipande vya kioo cha dirisha. Ila ikipasuka, imekwisha yote. Kwenye mlango wa bafu hilo ni jambo jema. Kwenye balkoni ya ghorofa ya pili maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa ameegemea, sasa ameegemea hewa.

Ndiyo maana kazi inayopendwa kuliko zote hapa mjini, tempa moja ya mili 12 iliyosimama juu ya vishikio vifupi vya chini (spigoti) bila hendreli, yaani bomba la kushikia juu, kwa balkoni ya juu mimi naikataa. Siipingi kila mahali. Kwenye ukingo wa baraza lenye ngazi mbili tatu kufika chini, au kuzunguka bwawa la kuogelea lililo usawa wa ardhi, ni sawa kabisa, maana kikivunjika utafagia punje na maisha yataendelea. Panapoweza kumuua mtu akianguka, weka tempa mbili zilizolaminetiwa. Utasikia zikitajwa kwa namba zenye nukta: 13.52 ni mili 6 na mili 6, 17.52 ni mili 8 na mili 8, na hiyo 1.52 ni tabaka nne za utando wa mili 0.38. Muuzaji akikutajia "17.52" bila kutafuta kwenye karatasi, walau unaongea na mtu anayejua anachouza. Kama reli yako ina nguzo na hendreli, 13.52 huwa inatosha. Kioo kikisimama chenyewe kwa kushikwa chini tu, mimi siendi chini ya 17.52.

Hata kwenye lamineti kuna tofauti ya utando. Ule wa kawaida, PVB, hulegea kwenye joto, na kama vioo vyote viwili vimepasuka kwa pamoja, paneli inaweza kukunjika na kuinama nje. Utando mgumu wa aina ya ionoplasti huiacha paneli imesimama hata ikiwa imepasuka kote, na pia unavumilia unyevu vizuri zaidi pembeni. Ni ghali. Njia ya bei nafuu ya kufikia usalama unaokaribia huo ni hendreli ya stenlesi au alminiamu juu ya vioo, iliyofungwa ukutani pande zote mbili na kupita juu ya paneli zote. Kioo kimoja kikiondoka, hendreli inabaki na mkono wa mtu unapata pa kushika. Najua hendreli inaharibu ile picha ya WhatsApp. Niwekee lawama.

Kuna jambo la tempa ambalo watu hulisimulia kwa minong'ono: kioo kimepasuka saa nane usiku, hakuna aliyekigusa, hakuna jiwe, asubuhi majirani wanasema ni mkono wa mtu. Si mkono wa mtu. Ndani ya kioo wakati mwingine hubaki chembe ndogo sana ya nikeli salfaidi kutoka kiwandani. Tempa ikishapozwa, ile chembe huendelea kuvimba taratibu, miezi hata miaka, mpaka siku inakipasua kioo chote. Mwaka 2011 vioo vya balkoni vilidondoka kutoka maghorofa kadhaa mapya mjini Toronto, na mwaka uliofuata jimbo la Ontario likabadilisha kanuni zake za ujenzi kuhusu vioo vya balkoni. Viwanda makini hukipika kioo mara ya pili kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 260 hadi 290, makusudi, ili chenye chembe mbaya kipasukie hukohuko. Uliza kama chako kimepitia hatua hiyo. Kama hakuna jibu la kueleweka, hiyo ni sababu nyingine ya kutaka lamineti, maana lamineti hata kioo kimoja kikipasuka chenyewe usiku, cha pili kinakishikilia mpaka asubuhi.

Utajuaje kwamba ulicholipia ndicho ulicholetewa? Kwanza, kona ya kioo cha tempa huwa na mhuri mdogo uliochomwa kwenye kioo chenyewe. Stika inayobanduka kwa kucha haihesabiki. Pili, chungulia ukingoni: lamineti inaonyesha mstari wa utando katikati, wazi kabisa. Tatu, vaa miwani ya jua ya polaroidi, kisha tazama anga kupitia kile kioo asubuhi au jioni, ukikiinamisha kidogo kidogo. Tempa hutoa madoadoa na vivuli vilivyojipanga, vilevile unavyoviona ukitazama kioo cha mlango wa gari. Kioo cha kawaida ni kitupu. Na njia rahisi kuliko zote: dukani wakikikata mbele yako kwa almasi kikakatika vizuri, hicho si tempa, kiwe mili 12 au mili 20. Tempa haikatwi wala haitobolewi baada ya kutoka kwenye tanuru. Tangu kile kiwanda kikubwa cha vioo kifunguliwe Mkuranga mwaka 2023, shiti za kutengenezwa hapahapa nchini zipo, lakini shiti ya kukatwa na tempa ni vitu viwili, na unene peke yake haubadilishi hilo.

Kinachoshika

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu hapaonekani.

Mama mmoja wa Kigamboni aliniita kuangalia reli iliyofungwa na fundi mwingine. Nilipoamkia akaitikia haraka haraka, "Marahaba mwanangu, njoo uone maajabu, stenlesi yangu inatoa chai." Kweli, kutoka kwenye kila spigoti kulikuwa na michirizi ya kahawia ikishuka juu ya marumaru nyeupe. Kutu yenyewe haikunitisha. Nilishika kioo juu kwa mikono miwili, nikasukuma taratibu kuelekea nje, nikamwambia asikilize chini. Tak. Nikasukuma tena. Tak. Ile marumaru iliyo chini ya kishikio ilikuwa inanyanyuka. Nikavua kifuniko cha duara, nikafungua bolti moja na kuipima kwa tepu mbele yake: mili 60. Marumaru na gundi yake vilikula kama mili 15, skridi ya mchanga na saruji chini yake mili 40 na kitu. Ncha ya bolti ilikuwa imeligusa tu zege la slabu.

"Kwa hiyo hii reli imeshikwa na nini?"

"Na marumaru, mama."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki akaniagizia soda, na hiyo siku hatukuzungumzia bei.

Fikiria hesabu yenyewe. Kanuni za Uingereza, kwa mfano, zinataka reli ya balkoni ya nyumbani ihimili msukumo wa kilonyutoni 0.74 kwa kila mita, sawa na kama kilo 75, ukisukuma kule juu. Kioo kina kimo cha mita 1.1, na kutoka bolti hadi ukingo wa pili wa kishikio ni sentimita nane hivi. Kimo chote kile kinageuka mtaimbo, na mvuto kwenye bolti unakua zaidi ya mara kumi. Marumaru haiwezi kazi hiyo, skridi haiwezi, na ukuta mfupi wa tofali la saruji ndiyo kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza kioo, mwambie fundi atoboe tundu moja la majaribio mpaka afike kwenye zege lenye nondo, ujue lipo umbali gani. Kwa fimbo za M12 (zenye unene wa mili 12) za kugandishwa na gundi ya kemikali mimi nataka mili 110 ndani ya zege lenyewe, ukiacha marumaru na skridi, na tundu lisikaribie ukingo wa slabu chini ya mili 100, vinginevyo ukingo unaweza kumeguka. Slabu ikiwa nyembamba au huna michoro yake, muite mhandisi. Ada yake ni ndogo kuliko ya paneli mbili. Na simama uone wanavyosafisha tundu. Linapulizwa vumbi, linapigwa brashi, linapulizwa tena, ndipo gundi iingie. Fundi akimimina gundi juu ya vumbi, fimbo itang'oka na ganda lake kama jino bovu.

Mwenye nyumba ambayo bado haijapigwa lipu ana bahati. Kama slabu bado haijamwagwa, funga sahani za chuma kwenye nondo kwanza, au panga kufunga kioo ubavuni mwa slabu badala ya juu yake. Ubavuni unapata zege moja kwa moja, huli nafasi ya balkoni, na maji hayasimami kwenye bolti. Kati ya mifumo yote (spigoti, nguzo na klampu, bolti za ubavuni, chaneli ndefu ya alminiamu inayoshika ukingo wote wa chini wa kioo), kwa nyumba ya kawaida ya familia mimi huishia kwenye nguzo na klampu pamoja na hendreli. Haina mbwembwe, lakini kioo kinashikwa pande mbili na kukibadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Chaneli inapendeza kuliko zote. Ukiichagua, hakikisha ina matundu ya kutolea maji. Mvua za masika zikijaa mle ndani, ukingo wa lamineti unakaa kwenye maji siku nzima na utando unaanza kuwa mweupe kama maziwa kuanzia chini. Na silikoni ya kuzibia iwe ile isiyonuka siki. Ile inayonuka siki inashambulia utando na chuma pia.

Chumvi

Wauzaji wengi watakutolea sumaku: "Ona, haishiki, hii stenlesi orijino." Sumaku inakutenga tu na stenlesi duni za kundi la 430. Daraja la 201, lile la bei ya chini linalochakaa haraka pwani, nalo halishiki sumaku. Wala 304 wala 316. Ukiwa unaiona bahari au unaisikia, dai 316, ambayo ina molibdenamu ndani yake, metali inayosaidia kuzuia kutu ya chumvi, na upimaji wake unafanywa kwa chupa ndogo ya dawa maalumu: tone moja juu ya chuma, rangi inabadilika au haibadiliki. Mafundi wanaochukua kazi za pwani kwa uzito wanayo hiyo chupa. Dai pia bolti na skrubu za daraja hilohilo. Nimeona nguzo nzuri ya 316 imefungwa kwa skrubu za zinki, na michirizi ikatoka kwenye skrubu. Na usiipende sana ile ya kukwaruzwa isiyong'aa. Mikwaruzo inashika chumvi. Iliyong'arishwa kama kioo inasafishika.

Baadhi ya kutu haina uhusiano na daraja la chuma. Fundi wa geti anakata nondo kwa grenda uani, cheche zinatua kwenye stenlesi yako mpya, wiki inayofuata ina madoa. Au mtu wa marumaru anamaliza kazi kwa kuosha sakafu na asidi, mvuke wake unapanda kwenye nguzo. Reli ifungwe mwisho kabisa, watu wa grenda na asidi wakishaondoka, na isisuguliwe kwa steel wool ya sufuria. Kama unaosha kwa maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Dar yana chumvi, futa kwa kitambaa kikavu palepale. Kioo kinachoachwa kikauke na maji ya kisima kinashika ukungu mweupe, siki kidogo iliyochanganywa na maji ndiyo dawa yake, kisha suuza.

Vipimo, watoto na macho ya watu

Kimo cha mita 1.1 juu ya marumaru iliyomalizika, kwa balkoni. Naandika "iliyomalizika" kwa sababu marumaru na skridi vinaweza kumeza sentimita sita za kimo ulichopima kwenye zege tupu. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayepaswa kuagiza tempa kabla marumaru haijakaa. Ngazini, ambako vioo vinakatwa kwa mshazari, fundi apime kwa plaiwudi iliyokatwa umbo kamili la kila paneli. Tempa ikija imezidi mili 5, hakuna wa kuipunguza. Atakayeleta grenda juu yake ataondoka na punje mfukoni.

Nafasi kati ya paneli, na chini yake, isiruhusu mpira wa sentimita 10 kupita. Kichwa cha mtoto mchanga hakihitaji zaidi ya hapo. Faida kubwa ya kioo kwa nyumba ya watoto ni kwamba hakina pa kukanyagia, tofauti na bomba za mlalo ambazo mtoto wa miaka mitatu anazipanda kama ngazi. Usiiharibu faida hiyo kwa kuweka chungu cha maua au benchi kando yake. Kuzunguka bwawa, Waaustralia wanataka fensi ya kimo kisichopungua mita 1.2 na geti linalojifunga na kujibana lenyewe, na mimi nafunga kwa kipimo hicho hata kama hakuna wa kunikagua. Geti linaloachwa wazi kwa tofali halina maana.

Upepo nao ufikirie. Watu hutumia balkoni zao kupunga upepo jioni, halafu wanafunga kioo kuanzia sakafuni na kushangaa wakikaa kwenye kochi hewa haifiki. Acha uwazi wa sentimita nane chini, utashukuru mwezi wa pili. Na macho: mchana kioo kisicho na rangi kinaonyesha miguu, ndoo na nguo zilizoanikwa, usiku taa zikiwaka kinaonyesha kila kitu. Mabaraza ya juu ya Mji Mkongwe Zanzibar yalifungwa kwa mbao zenye vitundu ili waliomo waone bila kuonwa, na hitaji hilo halijafa. Upande wa barabara weka kioo cha frosti au chenye utando wa rangi ya maziwa, uwe ndani ya lamineti, usiwe stika. Fensi ya kioo mpakani mwa kiwanja, badala ya ukuta, usinipigie kabisa. Kokoto moja kutoka kwenye tairi la bodaboda inatosha.

Karatasi

Ulinganishe bei kwa kitu kimoja. Mmoja anatoa bei kwa mita ya mraba ya kioo, mwingine kwa mita ya urefu pamoja na vishikio, na wa pili anaonekana ghali wakati ndiye nafuu. Kila karatasi iandike: aina na unene wa kioo, daraja la stenlesi, urefu na aina ya bolti, hendreli ipo au haipo, na paneli ikivunjika wakati wa kufunga ni hasara ya nani. Uzito nao una sehemu yake kwenye mazungumzo ya usafiri. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila mili moja, kwa hiyo paneli ya 17.52 yenye upana wa mita 1.2 na kimo cha mita moja inakaribia kilo 50. Haibebwi na kijana mmoja na mwenye nyumba. Inasafiri imesimama, kona zimefunikwa, na yenye jeraha ukingoni hata dogo kama punje ya mtama irudishwe na gari hilohilo.

Malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako mpaka usukume kila paneli, kwa mikono miwili, ukiwa umesimama imara ndani. Kioo chenyewe kupinda kidogo ni kawaida. Mlio wa chini si kawaida.

Kazi ikiisha, chukua nakala ya vipimo vya kila paneli pamoja na mahali matundu yake yalipo, uihifadhi na hati za nyumba. Paneli mpya ya tempa hutengenezwa upya kutoka kwenye hiyo karatasi, na wakati unaingoja, mlango wa kwenda balkoni ufungwe kwa ufunguo na ufunguo ukae juu, au uwazi uzibwe kwa plaiwudi iliyofungwa kwenye nguzo pande zote mbili. Kamba na kiti cha plastiki havizuii mtu.